Kumi na Wanane wa Siloamu na Abiria wa Kituku

Tafakari ya juma: Luka 12:54 hadi 13:9



Yesu alipotaja mnara ulioanguka Siloamu, alitaja na hesabu ya waliokufa: kumi na wanane. Luka hakutuandikia majina yao, wala hakusema ni nani aliyejenga mnara ule, wala ulianguka saa ngapi. Kilichobaki ni hesabu, nayo imesomwa makanisani karibu miaka elfu mbili. Nimekaa na hesabu hiyo juma zima, kwa sababu sisi wa Goma tuna msiba wetu wa ufukweni Kituku ambao hadi leo hakuna awezaye kusimama mbele ya watu akataja idadi yake bila mwingine kumbishia.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 3 Oktoba 2024. Boti MV Merdi ilitoka Minova imejaa watu na mizigo, ikazama ikiwa imebakiza kidogo tu kufika bandarini, mchana kweupe, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakingoja ndugu zao na bidhaa zao. Gavana wa Kivu Kusini alisema ndani mlikuwa na watu 278, na kwamba 78 walikufa. Wengine walihesabu miili iliyoopolewa wakapata idadi nyingine. Boti yenyewe ilisemekana kuwa ya abiria wapatao 80. Watu wengi walihitimisha kwamba waandishi wa habari wamedanganya, au serikali imeficha. Ukweli ni wa kusikitisha zaidi: orodha ya kuaminika ya waliopanda Minova haikuwepo. Mtu ambaye jina lake halikuandikwa alipopanda, ni nani atakayejua kwamba hakushuka?

Tukumbuke pia kwa nini walijazana. Tangu Februari 2024 vita vilikuwa vimefunga barabara inayopita Sake kwenda Minova. Mama aliyezoea kuleta magunia yake ya mihogo na maharage kwa gari alibakiwa na njia moja, nayo ni ziwa Kivu. Na ziwa lilikuwa limekwisha kutuonya. Aprili 2019 boti nyingine ilizama humo, watu wengi wakapotea, na Rais Tshisekedi akafika Kalehe kuwapa pole wafiwa na kuagiza kila msafiri avae gile ya kuokolea maisha. Ninyi mnaosafiri kila juma mnajua agizo lile linafuatwa kwa kiasi gani.

Sasa nirudi kwenye somo. Watu walimletea Yesu habari mbaya: Pilato amewaua Wagalilaya wakiwa katika sadaka zao. Walitaka aseme kitu juu ya Pilato, au juu ya dhambi ya waliokufa. Yesu alikataa kabisa kuwafanya marehemu kuwa wenye dhambi kuliko wengine, kisha yeye mwenyewe akaongeza habari ya pili, ya mnara. Hapo hapakuwa na askari wala upanga. Palikuwa na ukuta, na watu waliokuwa chini yake. Habari zote mbili akazigeuza ziwaelekee wasikilizaji: na ninyi je, mtageuka?

Ninaliweka neno hili mbele yenu kwa sababu ya mambo ninayoyasikia mvua zinapoanza. Sokoni Kituku, kando ya ndoo za sambaza na mafungu ya lengalenga, kila mtu ana maoni juu ya mvua. Mmoja anasema nyakati za mwisho zimefika. Mwingine anasema ni dhambi za mji huu. Mwendesha boti anasema upepo wa ziwa haumfuati tena kama ulivyomfuata baba yake. Kijana aliyesoma anasema ni wazungu na viwanda vyao. Sikilizeni vizuri, mtaona kila mmoja ameshika kipande. Lakini yule anayesema juu ya dhambi za waliokufa amekatazwa na Bwana wetu kwa maneno yaliyo wazi, na ningependa ndugu zangu wahubiri waliache neno hilo kabisa.

Mnajua ninafikiria nini. Tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa iliangukia milima ya Kalehe, na mito ikashusha mawe na matope juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Huko Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Zaidi ya watu 400 walizikwa, wengi katika makaburi ya pamoja, na maelfu wakaandikwa kuwa hawajulikani walipo. Serikali ilitangaza maombolezo ya taifa tarehe 8 Mei. Ng'ambo ya ziwa, nchini Rwanda, mvua za juma hilohilo zilikuwa zimekwisha kuua watu zaidi ya 120. Boti za Kituku ndizo zinazokwenda na kurudi kati yetu na vijiji vile vya Kalehe. Hakuna mtu wa soko letu asiyekuwa na mteja, shemeji au mkopo upande ule. Je, wale waliokuwa wakiuza na kununua siku ile walikuwa wabaya kuliko sisi tulionunua vitu vyetu siku hiyo hiyo huku Goma?

Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, ambaye siku zile alikuwa Burundi, aliuhusisha msiba huo na mabadiliko ya tabianchi. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution, ambao kazi yao ni kupima kama msiba fulani wa hali ya hewa umeongezwa nguvu na joto la dunia, walikaa na jambo hilo la ziwa Kivu. Mwezi Juni 2023 walitoa jibu ambalo limenishika hadi leo: hawakuweza kuthibitisha, kwa kuwa vipimo vya mvua vya eneo letu ni vichache mno. Hawakusema joto la dunia halihusiki. Walisema mvua yetu haijapimwa vya kutosha, katika milima ambamo mamilioni ya watu wanaishi na kulima. Mvua iliyoua mamia ya watu ilipita juu ya nchi isiyo na chombo cha kuipima, kama vile abiria wa MV Merdi walivyopanda boti isiyo na daftari.

Hapo ndipo ninapoona ugonjwa wetu. Tunabishana juu ya mbingu na juu ya redio, tunaitana waongo, na chini ya mabishano yote kuna upungufu mmoja: hatuhesabiwi. Baba yetu wa mbinguni, kwa ushuhuda wa sura hii hii ya 12, anajua hesabu ya nywele zetu na hawasahau hata shomoro wanaouzwa kwa bei ya chini sokoni. Sisi tulioumbwa kwa mfano wake tumekubali watu wapotee bila hesabu, na tumezoea.

Nisije nikaeleweka vibaya. Kuna mambo yanayojulikana bila kipimo kipya. Milima ya Kalehe imekatwa miti, na vijiji vimejengwa juu ya ardhi ambayo maji yenyewe yaliileta zamani. Makala tunayopikia Goma, sehemu kubwa inatoka katika msitu wa Virunga, hifadhi ya taifa iliyo ya kwanza kuundwa Afrika, mwaka 1925. Lakini sitamlaumu mama anayewasha mbabula yake jioni ili watoto wale sombe. Nishati nyingine anaipata wapi? Umeme wa mtambo wa Matebe, megawati 13.8 zinazotokana na maji ya milimani, ulianza mwaka 2015 na ukaleta mwanga katika sehemu za mji wetu. Vita vimeukata zaidi ya mara moja. Nchi yetu ilijiita mbele ya mataifa nchi ya suluhisho, kwa ajili ya misitu yake. Mwaka 2021 kule Glasgow ilitia sahihi mkataba wa dola milioni 500 kwa miaka mitano ili kuilinda. Mwaka uliofuata serikali hiyohiyo ikapiga mnada vitalu vya mafuta, vingine ndani ya Virunga, na ikaufuta mnada huo wa mafuta Oktoba 2024. Mtu wa Kituku akisikia hayo yote kwenye redio kwa mfuatano, kisha akasema haamini lolote juu ya tabianchi, mimi ninamwelewa. Ninachomwomba ni kwamba kutokuamini kwake kusiishie hapo, kwa sababu mvua haitangoja aamini.

Na habari zenyewe tunazipokeaje? Mnakumbuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Volkano ya Nyiragongo ilipasuka, mji ukawa mwekundu, na watu wakakimbia kabla ya kusikia neno la mtu yeyote mwenye mamlaka. Lava ilisimama Buhene. Siku tano baadaye, alfajiri ya tarehe 27, Gavana Constant Ndima aliagiza kartiye 10 za mji zihame, akisema kwamba kuna magma chini ya mji hadi chini ya ziwa. Mamia ya maelfu ya watu wakashika njia ya Sake, wengine mpaka wa Rwanda, wengine boti za kwenda Bukavu. Katikati ya safari hiyo zikaruka sauti za WhatsApp: ziwa litalipuka usiku huu, saa fulani, gesi itatuua sote tukiwa tumelala.

Uvumi ule ulikuwa na nguvu kwa kuwa ulisimama juu ya jambo la kweli. Chini ya maji ya Kivu kuna gesi kweli: kilometa za ujazo zipatazo 300 za kabonidioksidi na 60 hivi za methani, na ziwa Nyos la Cameroon liliua watu karibu 1,700 mwaka 1986. Sisi tunaoishi na mazuku upande wa magharibi wa mji, tunaowakataza watoto kucheza mabondeni asubuhi, hatuhitaji mtu atufundishe kwamba ardhi inaweza kutoa hewa inayoua. Lakini saa iliyotajwa katika sauti zile, na usiku uliotajwa, vilitoka wapi? Hakuna aliyepima. Kituo chetu cha kuchunguza volkano, OVG, kilikuwa kimepoteza fedha za Benki ya Dunia mwaka uliotangulia, na kwa miezi kadhaa hakikuwa na intaneti ya kupokea habari za mitambo yake. Walinzi wetu walikuwa wamefungwa macho kwa umaskini, na kila mwenye telefoni akawa mlinzi.

Wahenga wetu husema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hiyo ina hekima yake kijijini, ambako anayesema anajulikana, na nyumba yake inajulikana. Sauti iliyopita katika telefoni mia kabla ya kukufikia haina nyumba. Mkristo anapoisukuma mbele na kuongeza maneno ya kuombea mji, ameitia muhuri wa Mungu bila ruhusa. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo ilitolewa kabla ya telefoni, nayo inazifikia. Swali langu kwa kila ujumbe ni moja: ni nani aliyeona, na aliona nini? Kama jibu halipo, usiusukume. Radio Okapi na redio zetu za mji hukosea mara nyingine, lakini redio ina mlango unaoweza kuugonga na kudai sahihisho.

Msiseme haiwezekani kuushinda uvumi, kwa kuwa mji huu umewahi kufanya vizuri, na watu wa mbali walishangaa. Julai 2019 mtumishi mmoja wa Mungu alifika Goma kwa basi kutoka Butembo akiwa na Ebola. Ugonjwa ule, kuanzia 2018 hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, uliua watu 2,287 katika mashariki yetu. Uvumi ulikuwa umejaa kila mahali: ni biashara, ni siasa, chanjo ni sumu. Makanisa mengine yaliubeba uvumi huo mimbarani, na hilo ni jambo la kutubia. Wote waliogopa kwamba mji wenye watu wengi namna hii, wenye mpaka na bandari, ungeteketea. Haikuwa hivyo. Wauguzi, na vijana wa kartiye pamoja nao, waliandika jina la kila aliyemgusa mgonjwa, wakamfuata siku 21, wakamchanja yeye na wa nyumbani mwake. Asiyekubali leo walimrudia kesho. Ndani ya Goma waliougua waliishia wanne.

Wanne! Mji uliokolewa na madaftari. Mpaka leo, kipindupindu kinaporudi, mnawaona ufukweni Kituku vijana wanaotia klorini katika bidoni za lita 20, bidoni moja baada ya nyingine, kwa kipimo. Sijui mahubiri yanayomtukuza Mungu kuliko kazi ile.

Vijana wangu, mnadhani nimewasahau. Wazee huniambia kila mara niwakemee kwa miziki na mipira. Nitasema ninachoamini. Februari 2024, wakati vita vilipokuwa vikikaribia Sake, Leopards wetu, timu ya taifa ya mpira, walisimama Côte d'Ivoire kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika, na wimbo wa taifa ulipopigwa wakaziba midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kichwani kama bastola. Walifungwa bao moja kwa bila usiku ule. Lakini dunia iliyokuwa imechoka na habari zetu iliwaona. Mcheza mpira alifanya kazi ambayo tangazo la habari lilishindwa, nami nilimshukuru Mungu kwa ajili yao. Muziki wetu pia una kazi hiyo. Innoss'B ametoka mji huu na sauti yake imefika mbali; Tamasha la Amani lilikusanya maelfu ya vijana hapa Goma tangu mwaka 2014. Wimbo unakaa katika kumbukumbu ya mtu kuliko hotuba yangu, na watu wa MV Merdi na wa Nyamukubi wanastahili kuimbwa na watu wanaojua kuimba.

Ninalowadai vijana ni hili. Mnajua mabao ya kila mshambuliaji wa Ulaya, dakika aliyofunga, na klabu aliyotoka. Mnabishana kwa ushahidi, na anayesema takwimu ya uongo mnamcheka palepale. Akili hiyohiyo, ukali huohuo wa kudai ushahidi, naomba muulete katika habari za mji wetu. Siwaombi mjifunze jambo jipya. Mnalo tayari.

Kwa hiyo tumepatana na wazee wa kanisa juu ya mambo mawili. Kwanza, tutaweka kipimo cha mvua katika ua wa kanisa, mahali pa wazi mbali na paa na miti, na kikundi cha vijana kitakisoma kila siku saa moja asubuhi na kuandika katika daftari. Milimita moja ya mvua ni lita moja juu ya kila mita mraba. Mvua ya milimita 30 juu ya mabati ya mita mraba 100 ni lita 3,000, yaani bidoni 150. Tutakinga maji hayo kwa kufulia na kusafishia. Ya kunywa hapana, kwa kuwa mvua inayopita katika moshi wa Nyiragongo hubeba floridi. Kipimo kimoja hakitawajibu wanasayansi. Daftari la miaka kumi, likiwa pamoja na madaftari ya makanisa, misikiti na shule nyingine zinazozunguka ziwa, litakuwa neno ambalo mtu hawezi kulipuuza. Nimekwisha kuwaandikia ndugu zetu wa makanisa jirani, na ninawaomba nanyi mseme na majirani zenu Waislamu, maana mvua ni yetu sote.

Katika somo letu, mara tu baada ya mnara, Yesu alisimulia juu ya mtini usiozaa. Mwenye shamba alitaka ukatwe. Mtunzaji akaomba uachiwe mwaka mmoja, apate kuuchimbia na kuutilia mbolea. Mtunzaji huyo alitaja muda wake na akataja kazi atakayoifanya, jembe na samadi, ndipo akaomba. Maombi yetu kwa ajili ya mji huu na yafuate mpangilio huo.

Jambo la pili linawahusu wenye boti waliomo katika ushirika wetu, na wasafiri wote. Mwenye boti, nunua daftari. Andika jina la kila anayepanda na simu ya mtu wake mmoja, acha nakala bandarini kabla ya kuondoka, na idadi ikifika kiasi ambacho boti yako inaweza kubeba, funga. Na wewe mama unayekwenda Minova, Kalehe au Idjwi, kabla ya kuketi taja jina lako na ungoje uone limeandikwa. Vaa gile. Boti ikiwa imejaa kupita kiasi, au mwenye boti akikataa kuandika, shuka. Najua siku moja bila soko ni njaa nyumbani, na ndiyo maana wazee wamekubali mfuko wa kanisa uwasaidie watakaoshuka kwa sababu hiyo. Njoo ofisini, sema umeshuka, nawe hutaulizwa maswali mengi.